Kwa nini pilipili inawasha na sumu ya mkaa hainuki

Hakuna seli mwilini inayotambua “kemikali” kwa jumla. Kila seli ya fahamu hutambua kemikali fulani, au kundi dogo la kemikali zinazofanana, kwa sababu kwenye utando wake imechomekwa protini yenye umbo la kuzipokea. Protini hiyo huitwa kipokezi. Kikiwepo, chembe chache tu zinamfanya mtu ateme alichotia kinywani. Kisipokuwepo, mtu atavuta sumu usiku kucha na mwili usigutuke. Wengi hudhani pua na ulimi hupima hatari, kwamba kibaya hunuka na kichungu ni sumu. Sivyo. Hupima tu kile ambacho kina kipokezi, na jibu linategemea kipokezi kimekaa kwenye seli gani na seli hiyo imeunganishwa na neva ipi.

Nianze na ulimi, maana huko ndiko upotoshaji umejaa. Ile ramani ya vitabu vya shule, utamu kwenye ncha, uchungu nyuma, uchachu pembeni, haina ukweli. Mwaka 1901 Mjerumani D. P. Hänig alipima maeneo ya ulimi akaona tofauti ndogo ndogo za wepesi wa kuhisi. Mwaka 1942 Edwin Boring wa Harvard alichora upya matokeo hayo kwa namna iliyofanya tofauti ndogo zionekane kubwa, na wachapishaji wakamaliza kazi. Chovya kijiti cha pamba kwenye maji ya ndimu, gusa ncha ya ulimi. Uchachu utausikia hapo hapo kwenye ncha.

Vile vipele unavyoviona ulimini ukijitazama kwenye kioo si vya ladha vyote. Vingi, vile vyembamba vinavyoufanya ulimi uwe mkwaruzo, havihisi ladha hata kidogo. Kazi yao ni kushika chakula. Vya ladha ni vile vya mviringo vyekundu vilivyotawanyika mbele, mikunjo ya pembeni, na safu ya vinundu vikubwa 8 hadi 12 vilivyojipanga kama herufi V nyuma kabisa. Hivi vya nyuma huwatisha watu. Mtu ana koo linalouma, anatoa ulimi nje, anaviona kwa mara ya kwanza na kudhani ni uvimbe. Ni vya kawaida, kila mtu anavyo.

Ndani ya vinundu hivyo kuna vitumba vya ladha, kila kimoja kina seli 50 hadi 100 zilizobanana, na juu yake kuna tundu dogo linalofungukia kwenye mate. Kemikali lazima iyeyuke ili ifike tunduni. Futa ulimi kwa kitambaa safi mpaka ukauke kabisa, weka punje chache za sukari, usifunge mdomo. Hutasikia kitu hadi mate yarudi. Ndiyo sababu mtu mwenye kinywa kikavu, iwe kwa uzee au kwa dawa anazotumia, hulalamika kwamba chakula hakina chumvi; seli zake huenda ni nzima, ila chumvi haizifikii vizuri. Nyingi ya seli hizi huishi kama siku 10, kisha mpya huchukua nafasi. Ulimi uliounguzwa na chai ya moto kwa kawaida hupata ladha yake tena ndani ya wiki moja au mbili bila dawa yoyote.

Jinsi seli inavyohisi hutofautiana. Uchachu ni ioni za haidrojeni zinazoingia moja kwa moja kupitia mlango wa protini uitwao OTOP1, uliotambuliwa mwaka 2018. Utamu, uchungu na umami (ladha ya mchuzi wa nyama, uyoga na dagaa, iliyoelezwa na Kikunae Ikeda wa Japani mwaka 1908) haziingii ndani ya seli. Kemikali hushika kipokezi kwa nje, kipokezi hujipinda, na kwa ndani protini nyingine huanzisha mfuatano: kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli huachiwa, mlango uitwao TRPM5 hufunguka, umeme wa seli hubadilika, na seli humwaga kemikali iitwayo ATP inayoiamsha neva.

Kipokezi cha utamu ni kimoja tu, protini mbili zilizoshikana, T1R2 na T1R3. Paka jeni lake la T1R2 limeharibika. Mpe sukari na maji matupu, hatajali tofauti. Vipokezi vya uchungu kwa binadamu ni takribani 25, na wingi huo una sababu: mimea ina sumu za maumbo mengi na hakuna protini moja inayoweza kuzikamata zote. Kwinini hushika vipokezi kadhaa kwa mpigo. Lakini seli moja ya uchungu hubeba aina nyingi za vipokezi kwa pamoja, kwa hiyo ulimi husema “chungu” bila kusema chungu cha nini.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika somo hili lilifanywa kwa panya. Watafiti walitia kipokezi cha kitu kichungu ndani ya seli za utamu. Panya wale walikinywa kwa hamu. Uchungu haupo ndani ya kemikali, upo kwenye waya unaotoka kwenye seli kwenda kwenye ubongo.

Watu nao hawalingani. Mwaka 1931 Arthur Fox, mkemia wa DuPont nchini Marekani, alikuwa akihamisha unga wa kemikali iitwayo PTC, ukapeperuka. Mwenzake akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu; Fox hakusikia kitu. Leo tunajua tofauti hiyo inatokana hasa na jeni moja la kipokezi, TAS2R38. Kemikali zinazokaribiana na PTC zimo kwenye jamii ya kabichi, sukuma wiki ikiwemo. Mtoto anayeikunjia uso huenda anaonja uchungu ambao mama yake hana kipokezi cha kuuhisi. Badala ya kumgombeza, ongeza chumvi kidogo, hata robo kijiko cha chai kwenye sufuria ya watu wanne. Sodiamu hupunguza uchungu vizuri kuliko watu wanavyodhani, wakati mwingine kuliko sukari.

Sasa jaribio ambalo kila mwalimu wa sayansi angelifanya darasani, maana halina gharama. Changanya kijiko cha chai cha sukari na robo kijiko cha mdalasini uliosagwa. Bana pua kabisa, weka kiasi kidogo ulimini, tafuna taratibu kwa sekunde kumi. Utapata utamu na unga. Achia pua, pumua nje: mdalasini unafika. Kinachoitwa ladha ya mdalasini, ya iliki, ya embe, ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani kwa mlango wa nyuma. Watu hukosea jaribio hili kwa kuachia pua mapema au kulamba unga mwingi; mdalasini mwingi huchoma ulimi, na mchomo huo ni hisia nyingine kabisa, tutaifikia.

Seli za harufu ziko juu kabisa ya pua, karibu usawa wa macho, kwenye ngozi laini yenye sentimita za mraba chache kila upande. Huko hewa ya kupumua kawaida hufika kidogo. Ndiyo maana tukitaka kunusa vizuri tunavuta pumzi fupi fupi za nguvu. Seli hizi ni neva zenyewe, zimetoa vinyweleo vyao ndani ya ute, na ni mamilioni. Binadamu ana aina kama 400 za vipokezi vya harufu, na kila seli huchagua aina moja tu. Linda Buck na Richard Axel walizichapisha jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kemikali moja huamsha aina kadhaa za vipokezi kwa viwango tofauti, na ubongo husoma mchanganyiko. Kwa hiyo aina 400 zinatosha kutofautisha harufu nyingi mno kuliko 400.

Nyuzi za seli hizo hupenya matundu madogo kwenye mfupa wa fuvu ili kufika kwenye ubongo. Hapo ndipo ajali huleta madhara. Mtu akianguka na bodaboda bila helmeti na kujigonga kisogo, ubongo husogea ndani ya fuvu na nyuzi zile hukatika kwenye matundu. Pua haina jeraha hata dogo, lakini harufu imekatika. Seli mpya huendelea kuzaliwa, na baadhi ya watu hupata nafuu, ila kovu likishaziba matundu, nyuzi mpya hazina pa kupita. COVID-19 ilifanya tofauti: virusi vilishambulia zaidi seli zinazozihudumia neva za harufu, kwa kuwa ndizo zenye kipokezi ACE2 ambacho virusi hushikilia. Neva zenyewe hazina. Hilo linasaidia kueleza kwa nini wengi walirudiwa na harufu baada ya wiki chache.

Ukitaka kujua kama mtu ananusa, usimpe spiriti, amonia wala dawa ya kuchua yenye mentholi. Hayo yataiamsha neva ya tano ya fuvu, ile ya maumivu na ubaridi wa uso, na mtu asiyenusa kabisa atarudisha kichwa nyuma na kusema “naisikia”. Mpe kahawa iliyosagwa, iliki, au ganda la ndimu lililokwaruzwa. Tundu moja la pua kwa wakati, macho yamefumbwa.

Mazoezi ya kurudisha harufu yapo na yamechunguzwa. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden walichapisha mwaka 2009 utaratibu wa harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Unanusa kila moja kwa sekunde 10 hivi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Aliye Pemba hahitaji kununua kitu cha ajabu: karafuu kavu zipondeponde kidogo kwenye chupa ya kioo, uibadilishe kila wiki. Kosa la kawaida ni kuacha baada ya wiki mbili kwa sababu hakuna kilichobadilika. Seli hizi huhitaji wiki nyingi kuzaliwa na kuunganishwa, na si kila mtu hufanikiwa.

Jambo jingine la pua ni kuzoea. Seli ya harufu ikishaamshwa, kalsiamu iliyoingia ndani yake hugeuka kuizima. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu ya kutegemewa. Kiwandani huongezewa kemikali ya salfa inayonuka vibaya, ili pua ikamate uvujaji mapema, kabla gesi haijafika kama asilimia 2 ya hewa, kiwango inachoweza kushika moto. Lakini ukikaa jikoni dakika kadhaa, harufu hufifia ilhali gesi inazidi kujaa chini sakafuni, kwani ni nzito kuliko hewa. “Harufu imeisha” si ushahidi wa kitu. Funga valvu ya mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa, toka nje. Pua iliyopumzika nje ndiyo ya kuiamini.

Pilipili sasa. Si ladha, si harufu. Kemikali yake, kapsaisini, hushika kipokezi TRPV1 kilicho kwenye neva za maumivu, kipokezi ambacho kazi yake ya kila siku ni kufunguka joto likipita takribani nyuzi 43. Maabara ya David Julius huko San Francisco ilikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius alipewa Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Mtu aliyekula pilipili hutokwa jasho kwa sababu ubongo umepokea taarifa ile ile ya kuungua, ingawa hakuna kilichoungua.

Ukishajua hilo, mambo mengi ya jikoni yanajieleza. Kapsaisini hupunguza kiwango cha joto cha kukifungua kipokezi, hivyo hata joto la kawaida la mwili linatosha. Ndiyo maana supu ya moto yenye pilipili huchoma kuliko ile ile ikipoa. Asidi nayo hukilegeza kipokezi hicho hicho, kwa hiyo mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu huwasha kuliko pilipili peke yake, hasa kwa mwenye kidonda mdomoni. Pombe hufanya vivyo hivyo, na spiriti kwenye mchubuko huunguza kwa njia hiyo. Pia kapsaisini hukishika kipokezi kwa upande wa ndani, lazima kwanza ipenye mafuta ya utando wa seli, kwa hiyo muwasho huchelewa sekunde kadhaa kisha hupanda. Anayeongeza pilipili kwa kuonja mara moja haraka haraka atajuta.

Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Glasi ya maji baridi hutuliza kwa ubaridi wake, ukimeza muwasho unarudi. Maziwa au mtindi hufanya kazi kweli, protini ya kaseini huibeba. Zungusha mdomoni nusu dakika kabla ya kumeza. Mikononi, paka kwanza mafuta ya kupikia, sugua hadi chini ya kucha, ndipo uoshe kwa sabuni ya vyombo, mara mbili. Na ukitaka kupunguza ukali, kutoa mbegu peke yake hakutoshi. Kapsaisini hutengenezwa kwenye nyama nyeupe inayoshikilia mbegu. Mbegu hupakwa tu. Kwangua ile nyeupe kwa ncha ya kisu.

Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashiani. Ikikaangwa kwenye mafuta ya moto, jirani naye anakohoa, maana TRPV1 ipo kooni na kwenye njia ya hewa pia. Ndege ndio wenye haki ya kuuliza hivyo: kipokezi chao kina umbo tofauti kidogo, kapsaisini haikishiki, kwa hiyo hula pilipili bila shida na kusambaza mbegu.

Jamii hii ya vipokezi ni kubwa. Piperini ya pilipili manga hushika TRPV1 hiyo hiyo, na tangawizi pia. Tangawizi kavu ni kali kuliko mbichi kwa sababu ikikaushwa kemikali yake, jinjeroli, hugeuka shogaoli. Kitunguu saumu kibichi, haradali na mdalasini hushika kingine, TRPA1. Mentholi hushika TRPM8, kipokezi cha ubaridi. Hapo kuna udanganyifu mzuri: mwenye mafua akivuta mentholi huhisi pua imefunguka, lakini ukipima hewa inayopita, kiasi ni kile kile. Karafuu ina yujenoli, ambayo huiamsha neva kisha huiziba milango yake ya sodiamu, ganzi ikafuata. Kwa jino linalouma, tone moja la mafuta ya karafuu kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya kula linatosha. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza fizi, na mtoto mdogo asipewe.

Kuna seli nyingine hatuzisikii kamwe, nazo huonja damu. Pale mshipa mkubwa wa shingoni unapogawanyika, chini ya pembe ya taya, kila upande kuna kifundo cha milimita chache. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipata Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kazi ya vihisio vya eneo hilo na vya mshipa mkuu wa moyo. Seli zake hupima oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu. Ikipungua, milango ya potasiamu hufungwa, kalsiamu huingia, na neva hupeleka amri ya kupumua haraka. Hata hivyo hamu ya kupumua ya kila dakika haitokani hasa na oksijeni, inatokana na kaboni dayoksaidi, ambayo seli za shina la ubongo huipima kupitia asidi inayoifanya. Mpiga mbizi anayehema haraka haraka kabla ya kuzama anapunguza kaboni dayoksaidi bila kuongeza oksijeni ya maana, kwa kuwa damu yake tayari imeshiba. Kengele inachelewa, oksijeni inaisha kwanza, anazimia ndani ya maji bila kuhisi haja ya kupumua.

Kaboni monoksaidi ya jiko la mkaa inazipita kengele zote. Haina rangi, haina harufu, pua haina kipokezi chake, koo haliwashwi. Ndani ya damu hushika hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Lakini oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu, ile inayopimwa na kifundo cha shingoni, hubaki karibu na kawaida. Kaboni dayoksaidi nayo haijapanda. Kwa hiyo mtu halemewi na pumzi, haamki akihangaika. Anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, na akiwa usingizini hapati hata hayo. Sehemu moja ya gesi hiyo katika sehemu elfu moja za hewa huweza kuua kwa saa chache.

Kosa linalorudiwa kila msimu wa baridi ni kungoja mkaa “ushike” nje mpaka moshi uishe, ndipo jiko liingizwe chumbani. Moshi uliokuwa ukiwasha macho ulikuwa ndiyo onyo pekee. Mkaa mwekundu usio na moshi huendelea kutoa kaboni monoksaidi, na hutoa zaidi kadiri hewa ya chumba inavyopungua. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi, na sufuria ya maji juu ya jiko haizuii chochote. Jiko lilale nje.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwanza, na usikae ndani kumwamsha. Hospitalini sema wazi kwamba kulikuwa na jiko, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi hemoglobini iliyoshika oksijeni na iliyoshika kaboni monoksaidi; kitaonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Kinachohitajika ni kipimo cha damu chenyewe na oksijeni kamili kwa maski. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka. Kwa oksijeni kamili hupungua hadi saa moja au moja na nusu.